Buti la Gari la Mama

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Bujumbura, mwalimu wa sekondari, aliniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nilimkuta uani kwake amesimama nyuma ya gari lake jipya, anabonyeza kitufe cha ufunguo, na gari kimya kabisa. Betri ilikuwa imekufa. Waya za kuliwashia kwa betri ya gari lingine zilikuwa ndani ya buti, na buti lenyewe ndilo lililokataa kufunguka.

Nilimwambia asihangaike. Nikachomoa ule ufunguo mdogo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango wa dereva, nikapapasa sakafuni kando ya kiti, halafu chini ya usukani. Hakukuwa na kishikio chochote, maana magari ya siku hizi hutegemea umeme hata kwa mambo madogo. Basi nikalaza mgongo wa kiti cha nyuma, nikajipenyeza kifua na mikono, nikatembeza vidole upande wa ndani wa kifuniko hadi nikagusa kipande cha plastiki kinachong'aa gizani. Nikavuta. Buti likafunguka.

"Nani alikufundisha?" jirani aliuliza. "Ulikuwa fundi?"

"Mama yangu," nilimjibu. Akacheka, akidhani namtania.

Sikumtania. Na kwa kuwa yeye alikuwa na haraka ya kwenda kazini, acha nikusimulie wewe.

Nilikulia Rumonge, katika nyumba ambayo ilinukia mawese kuanzia sakafu hadi dari. Asubuhi zetu zilianza na adhana, kisha nyundo za mafundi wa mitumbwi kule ufukweni, kisha sauti ya mama akiburuta bidoni za mafuta ya mawese kutoka stoo. Baba alikuwa amefariki nikiwa na miaka minane. Alituacha mimi, mdogo wangu wa kike, mama, na gari jeupe lililochoka, lenye usukani upande wa kulia kama magari mengi yaliyotufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam. Baba zangu wadogo walikuja wakakaa sebuleni, wakasema gari liuzwe, kwani mwanamke ataliendesha vipi. Mama aliwamiminia chai, akawapa sukari, akasema kwa upole:

"Chai iko. Gari haiko ya kuuzisha."

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa dereva wa malori enzi zake, alimfundisha kwa wiki chache kwenye barabara ya mashamba ya michikichi. Baada ya hapo mama alikuwa akipeleka mawese Bujumbura mara mbili kwa wiki, na akirudi alileta sabuni, chumvi na vitambaa. Watu walisimama kumtazama akipita. Baadaye walizoea, wakaanza kumpungia mkono na kumpa barua za ndugu zao.

Wakati wa likizo, ambayo sisi tuliiita konje, alitubeba wote wawili. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu sita. Kazi yangu ilikuwa moja, nami niliionea fahari kubwa: kufungua buti. Kando ya kiti cha dereva, sakafuni, karibu na mlango, kulikuwa na vishikio viwili vidogo vilivyolala pamoja. Kimoja kilifungua kifuniko cha tangi la mafuta, kingine kilifungua buti, ambalo kwetu linaitwa kofre. Mwanzoni nilivichanganya vishikio hivyo viwili kila mara. Mama aliushika mkono wangu akaniwekea kidole pale panapostahili.

"Hii ya mbele iko ya esansi. Hii ya nyuma iko ya kofre. Usiangalie, sikia na mukono."

Ukivuta, unasikia waya ukikaza chini ya zulia, kisha kule nyuma, *tak*. Tundu la ufunguo lilikuwepo kwenye kifuniko, lakini kutu na mchanga vilikuwa vimeliziba kabla hata gari halijawa letu. Njia ilikuwa hiyo moja ya kishikio, au ndivyo nilivyoamini.

Siku ninayotaka kukuambia tulisimama Gitaza, ambapo mama alikuwa na wauzaji wake wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Ufukwe wote ulikuwa umefunikwa na ndagala zilizoanikwa juu ya mchanga, zikimeta hadi macho yanauma, na wanawake wakipita katikati yake miguu peku, wakizigeuza na kufukuza kuku. Mama aliegesha gari kando ya barabara, nikavuta kishikio, buti likafunguka ili kusubiri magunia. Nusu yake ya ndani, ile iliyoegemea kiti, ilijaa bidoni za mawese. Upande wa nje ulikuwa wazi. Mama alitupa mandazi, mawili mawili, akasema tusiondoke, akateremka kwenda kuchagua ndagala.

Mdogo wangu alimaliza yake kabla mimi sijaanza. Nikageuka kutazama mtumbwi uliokuwa ukiingia. Niliporudisha macho, andazi langu moja halikuwepo. Yeye alikuwa amekwishapanda ndani ya buti, amejikunja kwenye ile nafasi ya magunia, mashavu yamejaa, anacheka.

Sitakupambia maneno. Nilishika kifuniko kwa mikono miwili nikakibamiza. Nilitaka akae humo kidogo ajutie andazi langu. Nilihesabu hadi kumi, nikaenda mbele, nikavuta kile kishikio cha nyuma.

Kilinyanyuka chepesi, bila kukaza, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nyuma hakukusikika *tak*. Nikavuta tena, na tena. Nikavuta hata kile cha esansi. Waya ulikuwa umekatika.

"Yaya," aliita kutoka ndani. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Yaya, fungula sasa."

Nikapiga kifuniko kwa ngumi. Nikajaribu kukiinua kwa kucha. Bati lilikuwa na joto la kuunguza, na hapo ndipo nilipoelewa jua lilikuwa linafanya nini kwa aliyekuwa chini yake. Nilikimbia kwenda ufukweni, nikakanyaga ndagala za watu, nikipiga kelele: "Mama! Mutoto yuko mu kofre! Haifunguke!"

Mama aliacha gunia likamwagika. Tulipofika juu barabarani, watu walikuwa wamekusanyika tayari, na mvuvi mmoja mwenye mabega mapana alikuwa amekuja na chuma kirefu.

"Tuvunje, mama," alisema. "Mutoto atakufa na hii joto."

"Usivunje!" Mama aliweka mwili wake kati ya kile chuma na gari. "Yeye iko hapa chini kabisa, kichwa iko kwa kifuniko. Ukipiga, chuma itamupata yeye. Kamata kitambaa, lowesha maji, funika hii bati. Iko njia ingine."

Mwanamke mmoja alifungua kitenge chake cha juu, akakimbia kukilowesha ziwani. Mama alifungua mlango wa nyuma, akaweka mdomo karibu na kiti.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Hesabu kama vile kule ekoli. Kwa nguvu. Nataka nikusikie."

Kutoka ndani ya lile bati ikaja sauti nyembamba: "En, de, trwa..." Ni Kifaransa cha shuleni, naye alijua kufika ishirini tu, kwa hiyo akifika ishirini alianza upya.

Mama hakukimbia, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alishika kikalio cha kiti cha nyuma kwa chini, upande wa mbele, akakinyanyua kwa mkupuo mmoja, kikang'oka. Akakitupa nje barabarani. Chini yake, mwanzoni mwa mgongo wa kiti, kulikuwa na bolti mbili. "Nipe kle ya kumi," akaniambia, nami nikatoa spana ile kwenye kitambaa cha kufungia vifaa vya gari kilichokaa chini ya kiti cha mbele. Mikono yake ilikuwa imetulia. Bolti ya kwanza, ya pili. Akausukuma mgongo wa kiti kuelekea juu ukachomoka kwenye ndoano zake. Nyuma yake kulikuwa na ubao mwembamba. Akaukunja kwa goti, ukapasuka.

Mle ndani tuliona bidoni, na juu ya bidoni upenyo ambao mama hangeweza kupita.

"...diz-uit, diz-nef..."

Kisha kimya. Tulisubiri ishirini. Ishirini haikuja.

Mama alinigeukia, akanishika mabega. "Weye utaingia. Pita juu ya bidoni. Usijaribu kumuvuta, hutamuweza. Fwata waya. Iko upande wa kuume, inatembea na ukuta wa gari mpaka kwa serire, ile kufuli ya kofre, pale katikati, chini. Ile kipande cha waya imebakia, vuta."

Nikaingia kichwa kwanza. Kulinuka mawese, ndagala za safari zilizopita, na jasho. Joto lilinikaba kama mkono. Nilijiburuta juu ya bidoni hadi uso wangu ukakutana na nywele za mdogo wangu. Alikuwa amelowa, amelegea, lakini pumzi yake niliihisi shingoni mwangu, fupi fupi. Nikamwita, hakujibu. Nikanyoosha mkono wa kuume, nikapapasa ukuta. Vidole vikaupata waya. Nikaufuata taratibu, pale unapopinda nikapinda nao, unapoingia chini ya kamba ya mpira nikaingia nao. Ulikwisha ghafla kwa ncha zilizochanika, zikanichoma. Baada ya ncha zile, upana wa kiganja mbele yake, nikakuta kipande kingine kifupi, na mwisho wa kipande hicho chuma kilicho kama ulimi.

"Nimepata!"

"Vuta kwa kwako, nguvu yote!"

Nilivuta mpaka damu ikatoka. *Tak*.

Mwanga uliingia wote kwa pamoja, na mikono mingi nyuma ya mwanga. Walimtoa mdogo wangu kwanza, wakamlaza chini ya kivuli cha gari, wakammwagia maji ya ziwa kichwani na kifuani. Mama alipiga magoti akimpepea kwa ubao uliopasuka. Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka alikohoa, akafumbua macho, akamwangalia mama, akasema "ven", yaani ishirini, kwa sauti ya mtu anayekamilisha kazi aliyopewa. Wanawake wote wakapiga vigelegele. Yule mvuvi aliketi juu ya chuma chake akalia waziwazi.

Tuliacha safari ya Bujumbura tukarudi nyumbani, buti limefungwa kwa kamba. Njiani mama aliuliza, macho yake yakiwa barabarani: "Nani alifunga kofre?"

Niligeukia dirishani, nikahesabu michikichi.

"Iko upepo," akasema mdogo wangu, akiwa amelala mapajani mwangu.

Mama hakuuliza tena. Jioni ile, kabla ya giza, tulipokuwa tukiosha masufuria uani, nilimwambia ukweli wote, andazi na kubamiza na kuhesabu hadi kumi. Nililia kuliko nilivyolia barabarani. Alisuuza sufuria, akaliinamisha likauke.

"Nilijua," alisema. "Upepo ya Gitaza haina mikono. Kesho utaamuka mapema."

Nililala nikingoja fimbo. Asubuhi alinipeleka garini, akaniwekea spana mkononi, akaniambia ning'oe kiti cha nyuma. Niling'oa. Akaniambia nikirudishe. Nilipomaliza alisema, "Tena." Nilifanya hivyo mara nne, mara ya mwisho nimefungwa kitambaa machoni. Kisha akafunga kipande cha kamba ya nyavu kwenye ule ulimi wa serire, akakiacha kining'inie ndani ya buti. Akaniingiza, akanifungia, nikavuta kamba nikatoka. Mdogo wangu alirudi nyuma zamu yake ilipofika. Mama hakumlazimisha. Alipanda yeye mwenyewe, mwanamke mzima na kitenge chake, akajikunja, akatuambia tumfungie. Alipojifungulia akainuka akicheka na nywele zimevurugika, mdogo wangu aliingia bila kusukumwa.

Gari lile lilitufikisha sote sekondari. Mwishowe lilinunuliwa na mafundi wa bati, likageuka mbabula, yaani majiko ya makaa, na ndoo. Mdogo wangu sasa ni muuguzi Nyanza-Lac, ana watoto wawili wa kike, na nasikia huwahesabisha kwa Kifaransa wakati wa sindano.

Mwezi uliopita nilimchukua mama Bujumbura kumrudisha Rumonge, mimi nikiendesha. Tulipofika Gitaza nilipunguza mwendo. Ziwa limepanda miaka hii ya karibuni, limekula ule mchanga wote wa kuanikia, limekula na nyumba kadhaa zilizokuwa nyuma yake. Ndagala sasa huanikwa kwenye nyavu zilizoinuliwa, juu kidogo, na wanawake wanaozigeuza ni wasichana ambao siwajui. Nilizima injini nikamwonyesha mahali nilipodhani tulisimama siku ile, ukingo wa barabara ambao nao umeliwa. Maji yalikuwa yakipita pale polepole, rangi ya chai.

Mama aliyatazama, kisha akageukia kioo cha pembeni. Nilidhani atasema jambo kuhusu siku ile.

"Twende," alisema. "Umesimama vibaya. Malori iko inakuja."