Simu Nne Mifukoni

Miaka ile nilitembea na simu nne mifukoni, mbili kila upande, na suruali ikawa inanishuka kama ya mlevi. Koboko ni mji wa mpakani: mtandao wa Uganda ulikuwa na simu yake, wa Kongo yake, wa Sudan Kusini yake, na ya nne ilikuwa ya mke wangu kunipigia kuuliza nitakula nini. Wakimbizi walikuja kwenye kibanda changu kuwapigia ndugu waliobaki kwao, wakiongea kwa sauti ya juu kana kwamba Juba itasikia bila simu. Siku hizi simu moja inabeba laini mbili na kila mtu anayo yake. Kibanda kile nakikumbuka kwa uchungu.

Mke wangu ni wa Dadamu, upande wa Arua. Yeye Mlugbara, mimi Mkakwa wa Ludara, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili chetu cha sokoni, na tulicheka sana. Kilichokosekana ni mtoto. Mwaka wa tatu wa ndoa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaanza kutuletea mizizi ya dawa. Kila asubuhi mke wangu aliichemsha akanywa kikombe kizima. Shangazi alisema wazi kwamba isipofanya kazi, atamrudisha Dadamu yeye mwenyewe.

Nikaenda Arua kimya kimya kupimwa. Daktari alisema mbegu zangu ni chache na nyingi hazina nguvu. Kisha akaitazama mifuko yangu.

"Hizi simu yote inakaa hapo siku nzima?"

Alinieleza kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu mawimbi ya simu. Wako wanaoyashuku, na wako wasioridhika na ushahidi. Hakuweza kuapa kwamba ndiyo yaliyoniharibu. Lakini kuzitoa hapo hakuna hasara, alisema, niache na pombe, kisha nirudi kupimwa tena.

Nikanunua mkoba wa begani. Wenzangu sokoni waliniuliza, kama mwanamke, poda ya uso nimeiweka wapi. Mke wangu naye alipouliza, nilimjibu kwamba naogopa wezi. Kwa miezi sita nilimuaga asubuhi akiwa na kikombe mkononi, nami najua dawa ile haimhusu. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Niliogopa kusemwa kwamba si mwanaume.

Siku shangazi alipokuja kumchukua, nilimkuta mke wangu ameshafunga nguo zake kwenye shuka. Hakulia. Alikuwa anatafuta kiatu kimoja chini ya kitanda, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, shida iko kwangu," nikasema. "Mimi nilipima Arua. Huyu hana makosa."

Shangazi aliinama akalifungua lile fundo la shuka, akaanza kuzitoa nguo moja moja na kuziweka kitandani.

"Ulijua hii toka lini?" mke wangu akaniuliza.

"Toka ile siku nilinunua mkoba."

Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha asubuhi ile, bado kimejaa. "Basi kunywa wewe."

Nikanywa. Ulikuwa uchungu ambao sijawahi kuuonja. Koo lilikataa, machozi yakanitoka, nikakishusha kikombe kikiwa nusu.

"Maliza," akasema. "Mimi nilikuwa namaliza."