Mwanapunda Aliyehesabika

Mpaka leo nikifumba macho naisikia sauti ile: madumu matupu yakigongana kwenye mkokoteni, na katikati yake kwato za punda wetu zikikanyaga changarawe za mtaani kwetu, pembezoni mwa Temeke. Nasema wetu, lakini alikuwa wa Bi Salma, mwenye duka la nafaka. Baba, aliyekuja mjini kutoka Dodoma, alimfuga na kuuzia watu maji, kwa makubaliano ya mdomo kama ya kwao: mtoto wa kwanza wa punda ni wa mwenye mali, wa pili ni wa mfugaji. Na wote wawili waliijua kanuni yake. Aliyezaliwa akapumua anahesabika, hata akifa papo hapo. Aliyetoka mfu hahesabiki.

Mtoto wa kwanza alikufa. Baba alikuwa kwenye foleni ya maji. Aliporudi akamkuta amelala kwenye majani, akamzika mzima mzima bila kumwita Bi Salma. Desturi ilitaka mwenye mali aonyeshwe ngozi, lakini Baba aliogopa. Hapa mjini ukionekana unachuna punda, kesho mishkaki ya mtaa mzima inasusiwa na jina linalotajwa ni lako.

Wa pili ndiye Mshale. Nilimlisha pumba mkononi, nikijiona nimeshapanda naye ndege kwenda kushindana nchi za watu. Wauza maji walikuwaga na mbio zao Idi pili, kwenye uwanja wa vumbi, na mwaka ule Mshale aliwaacha punda wazima nyuma mpaka mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, huyo kala pilau la nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake akaja Nassoro, mpwa wa Bi Salma.

"Mzee, hongera. Sasa tumekuja kumchukua punda wetu."

"Wenu alikufa," Baba akasema. "Huyu wa pili."

"Nani alimwona akifa? Kashinda mbio ndo kawa wa pili, eeh? Angekuwa kilema mngetuletea wenyewe, na majani juu!"

Majirani wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anaitwa mwizi mbele ya wateja wake.

Ndipo Bi Salma akaja mwenyewe, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Neema, wewe ndiye uliyekuwa na punda siku ile anazaa. Yule mtoto alipumua?"

Baba akanitazama. Aliamini kabisa kwamba yule wa kwanza alipumua, na hakuwahi kuniuliza. Nikisema ndiyo, Mshale anabaki. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

"Hakupumua, bibi. Nilimpepea kwa kanga ya mama, nikampepea sana, hakupumua."

Nassoro akataka kusema neno. "Nyamaza, we!" Bi Salma akamkata. "Mtoto kajinyang'anya punda wake mwenyewe, na wewe bado una maneno?"

Baba akashusha pumzi. "Basi. Wa kwanza ni huyu, mchukueni. Lakini mie sikuwa mwizi."

"Hukuwa, Baba Neema," Bi Salma akajibu, kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya tatu.

Siku hizi nashona mapazia Chang'ombe, na farasi wa mbio nawatazama kwenye simu huku uzi ukiniishia, ndoto sijaiacha. Siku hizi pia watu wakifugishana hata kuku wanaandikishana na kupiga picha. Sisemi vibaya, picha ingemsaidia Baba. Ila picha ya mtoto aliyelala haionyeshi kama alipumua. Bado ingebidi mtu aulizwe.

Siku ile Nassoro aliondoka akisema atarudi na kamba jioni. Sikumsubiri. Baba alipoingia ndani nilimfungua Mshale, nikampeleka peke yangu mpaka uani kwa Bi Salma, nikamfunga kwenye nguzo penye kivuli. Nikalegeza fundo la shingoni kidogo, kwa sababu hakupenda libane, nikarudi nyumbani.