Nili-upgrade system Karatu, mjane wa Kansay akaitwa mwongo barazani

Wakuu, poleni na majukumu. Hii sijaitia chumvi hata punje, natamani ningekuwa nadanganya.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa IT wa kituo kimoja cha kumbukumbu pale Karatu. Wakulima wanaleta makubaliano ya mipaka ya mashamba, tunayachapa kwenye system, wakihitaji tuna-print na kugonga muhuri.

Sasa wazee wetu na tarehe wapi na wapi! Ukiuliza "lini?" unajibiwa mwaka wa njaa, tulipokula yale mahindi ya njano. System ya zamani ilipokea chochote, tukaandika hivyo hivyo.

Ikaja version mpya. Muundo umebadilika, sehemu ya tarehe inataka siku, mwezi na mwaka tu. Maelezo ya mabadiliko hayo sikuyasoma, nikaona marefu. Nikabonyeza. Ikaandika kwa kijani: imekamilika. Nikafungua mafaili matano niliyoingiza mwenyewe kwa tarehe kamili, yako safi. Nikaenda zangu kula nyama choma.

Jumatatu akaja Mama Paskalina, mjane kutoka kijiji cha Kansay. Shemeji yake anataka kumnyang'anya shamba, kesi iko baraza la ardhi la kijiji, na karatasi halisi ya makubaliano ya marehemu mumewe na huyo ndugu yake ililiwa na mchwa. Mashahidi waliotia sahihi walishafariki. Nika-print, nikagonga muhuri, sikuangalia.

Alhamisi karudi, macho mekundu.

"Mwanangu, nimeitwa mwongo mbele ya watoto wangu."

Nikaichukua karatasi. Tarehe: 01/01/1970.

Mumewe alikuwa hajazaliwa! Shemeji alisimama barazani akauliza, "Kaka alitia dole gumba akiwa tumboni mwa mama?" Watu wakacheka hadi basi. Baraza likampa mama siku nne alete ushahidi mwingine.

Nikafungua mafaili mengine. 1970. 1970. 1970. Kila tarehe ambayo version mpya haikuielewa, iliibandika hiyo bila kuniambia kitu!

Nilikuwa na CD ya backup, nakala ya mafaili kabla sijabadilisha, version mpya ikaikataa. Nikatoa stoo kompyuta mbovu mbovu, nikaweka version ya zamani, siku mbili nzima nahangaika nayo. Ikasoma. Nikalia, sioni aibu kusema.

Siku ya baraza nikaenda Kansay mwenyewe na karatasi mpya. Nikasema mbele ya watu: kosa ni langu, mama hajaghushi kitu. Mwenyekiti akanyoosha mkono aipokee.

Mama akanizuia. "Isome wewe, kwa sauti. Wanangu wasikie."

Nikasoma: "Mwaka wa El Nino, tulipomaliza kuvuna mbaazi."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Eeh! Nilikuwepo, tulikula ng'ombe siku hiyo." Shemeji akainamisha kichwa, shamba likabaki kwa mama. Mama hakunitazama, alikuwa anawatazama watoto wake.

Nilichojifunza: soma kilichobadilika kabla ya kubonyeza, jaribu kwenye kopi, na fungua mafaili ya wengine, siyo ya kwako tu.

Wa IT mliopo humu, mmewahi kuumiza mtu kwa kitufe kimoja? Semeni. Na wa kunirarua anirarue, nimestahili.