Nilivyokata Kichochoro cha Bibi Ornella

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba cha mitambo nimejitanda mtandio wa hariri alionitumia mama kutoka Tanga. Mkuu wa mitambo, mzee wa Kiswidi aliyeitwa Stig, alinitazama, kisha akanyoosha kidole kwenye gurudumu lililokuwa likizunguka.

"Kitambaa hicho kikinaswa hapa, kichwa kitafuata," alisema. "Kifunge au kivue. Chagua mwenyewe."

Nikakifunga kilemba, nikakaza.

"Sawa, Bwana Stig?"

"Hapa hakuna bwana. Mimi ni Stig. Wewe ni nani?"

"Mwanaidi."

Alilirudia jina mara tatu mpaka akalipata. Ndivyo nilivyoanza kuonyesha sinema mjini Stockholm, miaka ya themanini, katika jumba dogo la Södermalm lenye viti vyekundu vilivyochakaa. Nilikuwa nimekuja Uswidi kusomea umeme. Mafunzo yakaisha, nikaolewa, nikapata nyumba Rinkeby, kitongojini, na kazi ambayo kwetu sikuwahi kumwona mwanamke akiifanya.

Vijana wa leo hubonyeza kitufe tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Filamu moja ilikuja katika makopo matano au sita ya bati, na kila kopo lilikuwa na mkanda wa dakika ishirini hivi. Mitambo ilikuwa miwili, ikipokezana. Mkanda ulipokaribia kwisha, nukta ndogo ilitokea kwenye kona ya juu ya picha. Hapo uliwasha mota ya mtambo wa pili. Nukta ya pili ikitokea, unabadili. Ukizubaa, ukumbi mzima unatazama kitambaa cheupe. Halafu kulikuwa na kitanzi: kabla mkanda haujapita mbele ya taa, ilibidi uuachie ulegee kidogo, kama uzi wa cherehani. Usipoulegeza, unakatika.

Meneja wetu, Gunnel, alikuwa mwanamke mrefu, asiyependa maneno mengi, lakini Waitalia aliwapenda. Kila masika alitenga majuma mawili kwa filamu zao. Mchana tulionyesha vichekesho na visa vya familia, jioni filamu za kutisha. Za kutisha zilifika zikiwa zimeshapita kwa wakaguzi wa serikali, na huko zilinyolewa hasa. Muuaji anainua kisu, mara tunaona watu wapo makaburini.

Mkata tiketi wetu alikuwa Dada Edith, Mganda. Kwao alikuwa muuguzi, akakimbia vita, na Uswidi vyeti vyake vilikuwa bado havijatambuliwa. Filamu za kutisha zilimchekesha mpaka watu wakageuka kumtazama.

"Ile ni rangi ya nyanya, mdogo wangu," aliniambia. "Damu haing'aigi vile."

Lakini vichekesho hakuviweza. Pakitokea familia imezunguka meza, wanagombea sahani, mama anapiga kelele na babu anaiba kipande cha nyama, Edith alitoka kimya kwenda kupangusa ukumbi wa mbele aliokwisha kuupangusa. Sikumwuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa na barua za mama ambazo sikuweza kuzisoma mara mbili.

Mwaka wangu wa kwanza, katika majuma hayo ya Waitalia, tulipata filamu ya maisha, ya mwanamke aliyerudi katika mji wake baada ya kufiwa na mume. Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio, na Stig alikuwa ameniachia mitambo peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikafanya kosa ambalo kila mwonyesha sinema huonywa asilifanye: nilitazama filamu badala ya kutazama mtambo. Yule mwanamke alikuwa akipita kichochoroni, nguo zimeanikwa juu, nami nikasahau kitanzi. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Picha ikapotea.

Nilizima taa ya mtambo, nikakata sehemu iliyochanika, ndefu kiasi cha mikono yangu miwili iliyonyooshwa, nikaunga kwa utepe na kuwasha tena. Kichochoro kikawa hakipo. Mwanamke aliingia upande mmoja, akatokea kwenye uwanja wa kanisa.

Stig aliporudi nilimweleza. Akashusha pumzi. "Usiandike kwenye fomu ya hali ya mkanda. Uko kwenye majaribio. Hakuna atakayejua."

Alijua mtu mmoja. Bibi Ornella alikuwa Mwitalia mjane, aliyekuja zamani na mumewe kufanya kazi kiwandani. Hakukosa onyesho la mchana. Filamu hiyo alikuwa ameiona jana yake, na sasa alirudi kuitazama tena katika onyesho lililofuata. Nikiwa chumbani juu nilisikia sauti yake kutoka chini, Kiswidi chake kimejaa lafudhi ya Kiitalia.

"Kuna kitu kimetoka. Jana kilikuwapo!"

Stig akashuka haraka. "Ni wakaguzi, bibi. Wao ndio hukata."

"Wamekata kichochoro? Kichochoro kina damu gani?"

Edith akapanda kunifuata. Alinikuta nimekaa, kile kipande cha mkanda nimekishika mkononi.

"Kichochoroni pale ndipo alipozaliwa bibi yule," akasema. "Mlango wa tatu. Na sasa anajiuliza kama alikiona kweli. Kamwambie, Mwanaidi. Mtu aliyepoteza kwao, ukimwambia hakuna kilichopotea, utamtia wazimu."

"Watanifukuza."

"Pengine."

Nilishuka. Gunnel naye alikuwa ametoka ofisini kwake. Nikasema kwa Kiswidi changu kibovu: "Ni mimi. Mkanda umechanika mikononi mwangu. Nimekikata mimi."

Stig akatazama viatu vyake. Bibi Ornella akaketi kwenye kiti cha Edith kama aliyetuliwa mzigo. "Basi kilikuwapo," alisema.

Gunnel akaniuliza jambo moja tu: "Kipande umekitupa?"

"Hapana."

"Basi kitengeneze. Na uandike kwenye fomu."

Kesho yake nilifika asubuhi na mapema. Nikamkuta Stig ameshawasha taa ya meza. Tulikaa bega kwa bega, tukivitengeneza vitundu vilivyochanika pembeni mwa mkanda, vile vinavyoshikwa na meno ya mtambo, kimoja baada ya kingine kwa utepe mwembamba. Picha chache hazikufaa tena. Zilizobaki tulizirudisha mahali pake.

Mchana ule, picha ya kichochoro ilipopita, iliruka mara moja kwenye kiungo, kisha ikatulia. Kupitia kidirisha changu nikaona kivuli kikisimama safu ya tatu, mkono umeinuliwa. "Ule pale!" Bibi Ornella alipaza sauti. "Mlango ule pale!" Waswidi, ambao husonya hata mtu akikohoa sinemani, siku hiyo walinyamaza. Edith alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Alibaki mpaka mwisho.

Baadaye nilihamishiwa jumba kubwa la Upplands Väsby, nje ya jiji, chini ya mkuu aliyependa ratiba kuliko watu, halafu nikamalizia kwenye ghala la mikanda huko Jordbro, mpaka makopo ya bati yalipoacha kuja. Edith vyeti vyake vilitambuliwa. Akastaafu akiwa muuguzi wa wodi ya wazee. Stig tulimzika siku ya theluji, nami nimefunga kilemba.

Nimestaafu sasa. Wajukuu huniuliza, kwa Kiswidi chao, kama sikuogopa kukaa peke yangu na filamu za kutisha. Huwajibu kwa Kiswahili kwamba kazini mwangu niliogopa kweli mara moja tu, kwenye ngazi, nikishuka kwenda kusema ni mimi. Mdogo wao aliniuliza kwa nini basi sikugeuka. Nikamwambia, chini kulikuwa na mtu ananingoja.