Mkanda Wenye Tope

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa wakaguzi alinisimamisha mbele ya gari safi linalonukia udi, akaniuliza kama ningelinunua. Nikajibu ndiyo. "Basi kazi hii bado huijui," akasema. "Gari lililofukizwa lina la kuficha."

Nilikagua magari yaliyotumika huko Wattaya mpaka nilipostaafu. Vijana wa leo huchomeka kompyuta, nayo pia siiamini, maana aliyeitengeneza ni binadamu. Sisi tulitia mkono. Mimi nilianza kwa kuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Muuzaji mjanja huosha viti na mazulia, lakini husahau kipande cha mkanda kilichojikunja ndani. Gari lililozamishwa na wadi, bonde kavu linalofurika ghafla mvua ikinyesha, tope lake hubaki huko.

Karibu na kustaafu nikavuta mkanda wa gari moja kubwa, ukatoka na mstari wa tope. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa Amerat, mama wa watoto watatu, na angeshuka nalo mlima kila asubuhi akiwapeleka shule. Maji yakishaingia kwenye nyaya, gari huweza kuzimika mteremkoni. Nikaandika: halifai. Mkuu wa wakati huo akaniomba niangalie tena. Nikaangalia, nikaandika vile vile.

Ijumaa baada ya sala, muuzaji akaja nyumbani kwangu Azaiba. Aliyemleta ni mjomba wangu, aliyenilea tangu Unguja, kabla hatujahamia huku. Nikashuku kabla hawajavua viatu. Nikawamiminia kahawa, mjomba akapokea kikombe, akakiweka chini. Kwetu hapa, mgeni asiyekunywa kahawa yake ana haja, na mwenyeji muungwana humtimizia.

"Sinywi mpaka unambie umekubali kutia saini gari lipite," akasema. "Nshampa ahadi mtu huyu."

"Kunywa, mjomba. Jengine lolote ntakupa. Hili siwezi, mna watoto ndani ya gari lile."

"Unanivunjia heshima mbele ya mgeni?"

Nikamsogezea kikombe. Moyo uliniuma, lakini sikubadilisha neno. Kahawa ikapoa, wakaondoka.

Mwalimu alinunua gari jengine, wala hakujua kilichopita. Nikiulizwa kama najuta, kwa gari lile sijuti, na kesho ningekataa tena. Lakini miaka minne, kila Idi, nilikwenda kumpa mkono mjomba, na kila Idi nikaambiwa amelala. Mwaka wa tano wakaniita nikamwoshe kabla ya kuvishwa sanda, maana hakuwa na mtoto mwengine wa kiume.