Mlango wa Paka Wetu

Wazo hilo nililiokota Kiyovu, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba moja ambayo mama alikuwa akiipelekea sambusa. Chini ya mlango wa jikoni palikuwa na tundu lenye kifuniko, na paka wa pale, mnene kama mto wa kulalia, alikisukuma kwa kichwa akaingia bila kumsumbua mtu. Nilisahau hata kuchukua sahani yetu. Njia nzima ya kurudi kwetu Nyamirambo nilimweleza mama jinsi kifuniko kilivyofunguka na kujifunga, naye akawa ananiambia nitazame ninapokanyaga.

Ulikuwa mwaka wa tisini na moja, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Paka wetu, jike mwenye madoa meusi, alikuwa karibu kufukuzwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alirudi matembezini usiku wa manane, akalia mlangoni mpaka tumfungulie, na siku zile za vita hakuna aliyependa kufungua mlango usiku. Baba alikuwa fundi cherehani wa kuamka alfajiri, na usingizi wake haukuchezewa. Dada yake, shangazi yangu, alikuwa na mgahawa kule Gisimenti na panya walikuwa wakimmalizia mchele. Wakakubaliana aje Jumapili amchukue.

Nililia. Nikasusa chakula, nikala kwa siri, kisha nikamwomba baba neno moja: paka akiweza kuingia mwenyewe, bila kuamsha mtu, abaki. Baba akacheka.

"Haya. Jumapili shangazi yako akifika, nimwone paka kwa macho yangu akiingia. Asipoingia, anakwenda."

Seremala tuliyemwita alikuwa Mrundi mwenye karakana Kimisagara. Aliutazama mlango wetu wa mbao, akanitazama mimi, akadhani anataniwa.

"Mlango iko muzima, na munataka nitoboe?" akauliza. "Mimi natengenezaka milango ya kuzuia wezi."

Bibi, mama yake baba, alimwambia apunguze maneno na atoe msumeno. Bibi ndiye aliyesimamia kazi yote. Seremala alipotaka kupima kichwa cha paka, bibi alimkataza: kichwa huingia popote, apime tumbo. Basi nikampakata paka wetu, akapimwa kiuno kwa uzi kama bibi harusi anayepimwa gauni na baba yangu. Tundu likakatwa, na juu yake kikapigiliwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori, kining'inie. Nilifurahi nikashindwa kusimama mahali pamoja. Nilipiga magoti nikakisukuma kwa kichwa changu mwenyewe, kumwonyesha.

Paka hakuwa na habari. Mtaani kwetu mlango hushinda wazi, pazia tu ndilo linaloning'inia, kwa hiyo mchana alipita chini ya pazia kama kawaida yake. Usiku alilia kama zamani, na bibi, mtu wa kusema kwamba kwake hakuna kiumbe atakayeachwa kusimama nje, akaenda kumfungulia. Nilitaka kuchanganyikiwa. Ndipo Jumapili, shangazi alipowasili na kapu lake lenye kifuniko, nikamtoa paka nje nikaufunga mlango adhuhuri peupe.

Hapo ndipo tulipokosea. Mtaa ule nyumba haifungwi mchana ila kuna baya ndani. Kabla hatujatulia, hodi ikapigwa: jirani yetu muuza maandazi, sukari kaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Nimeona mulango imefungwa," akasema, sauti inamtetemeka. "Nani ametutoka?"

Akafuata mwingine na makaa, kisha mzee wa nyumba ya pili na tasbihi mkononi. Kila mlango ulipofunguliwa paka alitaka kuwafuata ndani, nami nikawa namzuia kwa mguu. Bibi alieleza kwamba hatukufiwa, ni paka tu anafanya mtihani. Ungedhani wangekwenda zao. Thubutu! Wakaketi chini, wakajazana, kila mmoja anataka kuona.

Bibi akawanyamazisha. Mpira ukatikisika. Ikaingia pua, yakafuata masharubu, kisha kichwa kizima. Paka aliuona umati ule, akarudi nyuma, na mpira ukajifunga. Shangazi akasimama, akafungua kapu. Nikajua nimempoteza.

Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka muda wote huo. Akaikunja miguu yake.

"Sogeeni," akasema. "Mmemzibia njia."

Watu wakabanana ukutani, njia ikapatikana katikati. Baba akainama mpaka ndevu zikakaribia sakafu, na kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, akasema, "Karibu."

Kichwa kikaingia, mabega yakafuata. Tumbo likasita kidogo, likapita. Paka akatembea moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa baba, akakaa akajilamba. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele, na sauti yangu ilikuwa juu ya zote.

Shangazi alikuwa bado amesimama. "Sasa kaka, namchukua au simchukui?"

"Anayesubiri kufunguliwa ni mgeni," baba akasema. "Huyu ana mlango wake. Ni mtu wa hapa."

Nikamrukia baba shingoni mbele ya majirani wote, na hakuniondoa.