Alisema Atapita

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa vumbi lake. Nilikuwa nasomea ualimu hapahapa Buhare, mdogo kuliko wewe uliyepanga chumba uani kwangu. Mji wa chuo ni mdogo, lakini kwa asiye na gari hakuna mji mkubwa kuushinda. Soko liko mbali, kanisa liko mbali, stendi ndiyo usiseme. Wenye magari walikuwa wakufunzi wachache tu, na sisi wengine tulizijua injini zao kwa sauti, kama mchungaji anavyozijua kengele za ng'ombe wake.

Baba yangu alikuwa anaumwa kwetu Nyamuswa, kijiji unachokifikia kwa kupitia Bunda. Binamu yangu alikuja mjini na shida zake, akanikuta chuoni Ijumaa mchana, akasema, "Mzee anakuita. Anataka uende akutemee mate."

Usicheke. Kwetu mzazi akihisi safari yake imekaribia, anaita watoto wake mmoja mmoja, anapiga funda la maji, anakupulizia kifuani huku akikutamkia maneno yake. Baba alikuwa mtu wa kanisa, lakini hilo hakuliacha. Na mate ya mzazi hayatumwi kwa mtu. Ama uwe mbele yake, ama huna.

Jioni ile nikakutana na mkufunzi wetu mmoja mwenye pikapu. Nikamweleza habari za baba. Akasikitika kweli, akasema, "Pole sana. Hata mimi kesho asubuhi nitapita pale getini, naenda harusini Bunda."

Basi, hilo tu. Mimi niliyekikuta Kiswahili shuleni, baada ya Kiikizu cha mama, nikasikia alichokitaka moyo wangu: atanipitia. Kati ya kupita na kumpitia mtu pana herufi chache tu, na humo ndimo alimofia baba yangu. Utaniuliza kwa nini sikumuuliza vizuri. Mwanangu, asiye na gari haulizi mara mbili. Anaogopa swali la pili litamharibia lifti.

Asubuhi nikasimama getini na gauni langu la kanisani. Likaja lori la dagaa, utingo ananing'inia mlangoni. "Dada, sisi Bunda hao, mbele kuna nafasi, panda! Wenzako huwa tunawabebaga!" Nikamjibu kwa maringo kidogo, "Asante kaka, nina usafiri."

Nina usafiri! Mpaka leo nikimsikia mtu akisema hivyo, namuuliza ni usafiri wa nani.

Pikapu ikaja. Mbele alikaa mkewe na wifi yake, nyuma viti vya harusi vimefungwa kamba. Nikainua mkoba wangu. Mkufunzi akapiga honi, akanipungia mkono kwa furaha kabisa, akaenda zake. Vumbi likanimeza mimi na gauni langu. Nikaendelea kusimama, nikijiambia labda anatafuta pa kugeuzia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma hadi jua lilipoanza kuchoma, ndipo nikashika njia kwa miguu kwenda barabara kuu. Nilifika Bunda kwa basi mchana umekwenda, na kutoka pale nikabebwa kwa baiskeli, nikishuka kila penye mlima.

Nilipofika Nyamuswa wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Shangazi, dada yake baba, alinikuta mlangoni, kashika kibuyu.

"Maji haya aliyaomba asubuhi," akasema. "Akayaweka ubavuni. Kila gari likilia huko barabarani anasema, huyo ni yeye. Likipita, anakishika tena kibuyu."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mwalimu alikwambia utapanda?"

"Hapana, shangazi. Alisema atapita."

"Basi alisema kweli. Si alipita?"

Akayamwaga maji yale pale kizingitini, akaingia ndani kwa marehemu kaka yake.

Niliporudi chuoni mkufunzi akaniambia, "Si wewe nilikupungia siku ile?" Aliposikia msiba alinipa pole ya moyoni. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo, maana sina wa kumlaumu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, ila hawakusema na wanaomngoja nyumbani wanakufaje.

Nimefundisha, nimestaafu, nimezeekea mji huuhuu bila gari. Ndugu zangu wote walitemewa. Mimi kila kinachoniharibikia mkononi nadhani najua sababu. Padri ananiambia hizo ni imani za kizamani. Huenda. Lakini yeye mama yake alimbariki.

Jana nilikusikia uani ukiongea na simu. Mama yako hajiwezi huko Butiama, anakuulizia. Na wewe ukajibu, "Nakuja kesho, lekchara wetu ana gari, amesema atapita." Nilikuuliza, atapita au atakupitia? Ukaniangalia kama bibi anayechambua maneno kwa kukosa kazi. Na sasa umekaa hapo barazani na begi mapajani, sikio lako lote liko barabarani.

Usingoje. Gari la mwenzio lina safari yake, hata kama njia yenu ni moja. Ukitaka kuuliza, uliza mpaka uambiwe hapana iliyo wazi, maana hapana humwahisha mtu stendi. Na mzazi akikuita, anza na ulichonacho, hata kama ni miguu. Mwenda kwao si mtumwa, na asiyekuwepo na lake halipo.

Bodaboda wa pale kona nimeshamwita, huyo nje anapiga honi. Kabla hujatoka njoo usimame hapa, fungua kifungo cha juu. Aliyenyimwa anaweza kutoa? Sijui. Labda haya niliyonayo kinywani ni maji tu. Tfuu! Mungu akutangulie. Umkute mama anapumua, umkute na funda lake mdomoni, uwe mbele yake.

Nenda, mwanangu. Na ukisikia honi ya gari njiani, usigeuke.